Jiwe na Jina

Kila mwaka, baina ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, mji wa Tucson katika jimbo la Arizona, Marekani, hugeuka kuwa soko la mawe. Mji huo umo ndani ya jangwa la Sonora, nchi ya milima mikavu na midungusi kakati iliyosimama wima kama minara. Katika majuma hayo mahoteli, mahema na kumbi hujaa watu kutoka pembe zote za dunia, waliokuja kuonyesha, kuuza, kununua, na wengine kutazama tu. Desturi hiyo ilianza mwaka 1955, pale wapenzi wachache wa mawe wa mji huo walipofanya maonyesho yao ya kwanza katika shule ya msingi. Leo maonyesho hayo ni miongoni mwa makubwa kabisa ya aina yake duniani.

Wapo huko wanaotafuta vito vilivyochongwa, tayari kwa pete na mikufu. Lakini wapo pia wapenzi wa aina nyingine, ambao hawataki jiwe lichongwe wala lisuguliwe. Wao hulitaka kama lilivyotoka ardhini, likiwa bado limeshikana na mwamba uliolizaa. Kwao pembe za jiwe ndiyo tungo yake, na kulichonga ni kama kukata mizani za shairi ili likae vizuri ukurasani. Watu hawa nawaheshimu. Mtu anayevuka bahari ili kutazama kitu ambacho hakiliki wala hakivaliki, huyo amekwisha fahamu jambo ambalo mshairi huhangaika maisha yake yote kulieleza.

Kando ya jiwe la mkusanyaji huwekwa kijikaratasi. Juu yake huandikwa jina la madini, nchi na mgodi yalikotoka, na iwapo jiwe lina umri na heshima, huandikwa pia majina ya waliowahi kulimiliki: lilikuwa la bwana fulani, likahamia kwa bibi fulani, kisha likanunuliwa na makumbusho fulani. Nasaba hiyo huongeza bei, kama vile nasaba ya jahazi au ya farasi. Hata hivyo, ukiifuata kwenda nyuma, mmiliki mmoja baada ya mwingine, utafika mahali inapokatika ghafla. Hufika mgodini ikanyamaza. Mtu aliyelala kifudifudi ndani ya giza, akalishika jiwe hilo kabla ya binadamu mwingine yeyote, hayumo.

Suala langu basi ni hili: je, anayelipenda jiwe ana wajibu wa kulijua jina la mkono uliolitoa? Au uzuri una haki ya kupokewa peke yake, bila ya kuulizwa umepita kwa nani?

Suala hili haliamuliki mbele ya meza ya mahameli huko jangwani, kwa sababu huko jiwe limekwisha kuoshwa. Ni bora tulitazame mahali ambapo jiwe lingali na tope. Nimelichagua eneo la Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania, kwa sababu ni mji uliozaliwa na mawe, nao hautajwi na wapenda vito.

Reli ya tawi inayotoka Kaliua kwenda Mpanda, kiasi cha kilomita 210, haikujengwa ili kuwachukua abiria. Ilijengwa katika zama za ukoloni wa Kiingereza ili kuchukua risasi, ile metali nzito ya kijivu, kutoka mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Kampuni ikaondoka, reli ikabaki, na mji ukabaki juu ya reli. Mawe ya risasi huitwa galena na wataalamu, na galena likiwa zima ni jiwe la kustaajabisha: huvunjika kwa pembe za mraba zilizonyooka kana kwamba zimepimwa na seremala, na uso wake hung'ara kama fedha iliyotoka kusuguliwa. Katika maonyesho ya jangwani kipande cha galena chenye umbo kamili hupewa taa yake peke yake. Mpanda, mawe ya jamii hiyo yalihesabiwa kwa tani. Jiwe lile lile ni pambo katika nchi moja na mzigo katika nyingine. Tofauti haimo ndani ya jiwe.

Siku hizi kinachotafutwa zaidi Mpanda ni dhahabu. Wachimbaji wadogo wameenea katika vijiji vya pembezoni, wakichimba mashimo yao ambayo huyaita maduara. Mwamba wenye matumaini hutolewa kwa mikono, hupandishwa kwa kamba, hutiwa katika mifuko. Mifuko hugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, na fungu la wale walioshuka. Kisha jiwe hupelekwa kwenye karasha likasagwa kuwa unga, unga ukaoshwa kwenye mwalo, ukakamatwa kwa zebaki, na zebaki ikachomwa moto hadi ibaki punje ndogo ya manjano. Moshi wa zebaki ni sumu, na anayeuvuta ni yule yule aliyeshuka.

Ingekuwa kumdhulumu mchimbaji kusema kwamba yeye hana jicho la uzuri. Nimewaona watu wakilichukua jiwe lililotoka sasa hivi, wakalitemea mate, wakalipangusa kwa kidole gumba, wakaligeuza polepole juani wakiutafuta mshipa. Utulivu wa nyuso zao haukupungua hata chembe na ule wa mkusanyaji mwenye miwani ya kukuza. Tofauti ni kwamba mmoja hulitazama ili alihifadhi, na mwingine hulitazama ili ajue kama livunjwe. Kutazama bila kuvunja kunahitaji kwanza mtu awe ameshiba.

Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, na Mpanda lipo. Kabla ya hapo dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo ilipita vichochoroni, kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Sasa muuzaji huja na mzigo wake, hupimwa kwa mizani inayoonekana, na mrabaha wa serikali, asilimia 6, hukatwa. Hapo hutokea jambo linalonihusu: jina huandikwa. Daftari la serikali linajua kitu ambacho kijikaratasi cha jangwani hakikijui. Ni kweli kwamba mara nyingi linaloandikwa ni jina la mwenye leseni au la aliyeuleta mzigo, wala si la kila aliyeshika nyundo. Lakini walau mlango umefunguliwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Serikali imelisikia neno hilo kwa ajili ya mali. Kwa ajili ya watu, bado.

Hapa pana wanaopinga, nao wana hoja. Hoja ya kwanza husema: jiwe si shairi. Mshairi huweka jina lake katika kaditamati kwa sababu kazi ni yake, ametunga kitu ambacho hakikuwapo. Mchimbaji hakutunga kitu. Jiwe lilikuwapo mamilioni ya miaka kabla yake, na kama asingelipata yeye angelipata mwingine. Kwa nini basi adai jina?

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kijikaratasi kisingekuwa na jina la mtu yeyote. Lakini majina yamo. Mkusanyaji naye hakuliumba jiwe. Alilolifanya ni kulilipia. Ikiwa kumiliki kunatosha kumwandikisha mtu katika nasaba ya jiwe, basi kulitafuta kwa mwili mzima, ndani ya shimo lisilo na hewa, kunawezaje kuwa kidogo zaidi? Ama tufute majina yote tuliache jiwe lizungumze peke yake, ama tuyaandike kuanzia mwanzo. Kuanza katikati ndiyo dhuluma.

Aidha, mimi ni mfasiri, na siwezi kukubali kwamba aliyetoa kitu gizani hakufanya kitu. Mfasiri hakulitunga shairi. Lilikuwapo, katika lugha nyingine, na lingeendelea kuwapo bila yeye. Lakini kwa msomaji asiyeijua lugha ile, shairi hilo lilikuwa chini ya ardhi. Vitabu vingi hutoka bila ya jina la mfasiri juu ya jalada, na wasomaji hawalitafuti. Husema tu kwamba mtunzi fulani ameandika vizuri. Ninajua basi, kwa kiasi changu kidogo na kisicho na hatari yoyote ya kufukiwa, maana ya kuwa mkono uliosahaulika ndani ya kitu kinachosifiwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu hutoka kwa wachimbaji wenyewe. Wapo wasiotaka kutajwa. Mtu aliyepata jiwe zuri akatangazwa jina, usiku huo huo hupata jamaa asiowajua, wadai aliokwisha kuwasahau, na pengine wezi. Kwake kutojulikana ni ngome. Hoja hii naikubali, ila haivunji ninalolisema. Mwenye haki ya jina ndiye pia mwenye haki ya kulificha. Washairi wetu wa pwani walikuwa na lakabu, na mtu aliyejibizana kwa mashairi chini ya lakabu yake hakuhesabiwa kuwa hana jina. Alihesabiwa kuwa amelichagua. Kunyamaza kwa mtu aliyeulizwa ni tofauti na kunyamaza kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Tukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyo na uzito, na tuitoke Mpanda kwa muda, twende Mirerani, chini ya Kilimanjaro, inakotoka tanzanaiti. Jiwe hilo la buluu lilijulikana kwa dunia mwaka 1967, na mwaka uliofuata duka la vito la Tiffany la New York likalipa jina la nchi yetu. Jina la jiwe lilipatikana mara moja. Jina la aliyelipata likawa mgogoro wa nusu karne. Wengine humtaja Manuel de Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyeishi Arusha na kutafuta madini, wengine humtaja Jumanne Mhero Ngoma, na wengine husimulia habari za wafugaji wa Kimasai waliookota mawe ya buluu malishoni. Aprili 2018, wakati wa kuzindua ukuta unaoizunguka migodi hiyo, Rais John Magufuli alimtambua Mzee Ngoma hadharani na kumtunuku shilingi milioni 100. Alikuwa mzee aliyedhoofika kwa maradhi. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Zilipita takriban miaka 50 baina ya jiwe na jina.

Ni kweli kwamba wapo waliotajwa mapema zaidi. Juni 2020 dunia nzima ilimjua Saniniu Laizer, aliyeiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Tulifurahi pamoja naye, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini yeye alikuwa mwenye mgodi, na mgodi una watu. Wanaoshuka huko Mirerani huitwa wanaapolo, jina moja kwa wote, kama askari wasiotofautishwa na sare.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2001 gazeti moja kubwa la Marekani lilidai kwamba biashara ya tanzanaiti ilikuwa ikiwanufaisha magaidi. Maduka yaliogopa, Tiffany wakaacha kuiuza kwa muda. Februari 2002, huko huko Tucson, katika msimu wa maonyesho yale ya jangwani, wafanyabiashara na wawakilishi wa Tanzania walifikia makubaliano kwamba jiwe lifuatiliwe njia yake kutoka mgodini hadi dukani. Serikali ya Marekani baadaye ilisema haikupata ushahidi wa madai yale. Lakini tazama, msomaji, ni nini kilichotokea. Kwa mara ya kwanza meza ya mahameli iliuliza: jiwe hili limetoka mkononi mwa nani? Iliuliza kwa sababu iliogopa.

Ukikusanya mifano hii, utaona kwamba jina la mchimbaji hutafutwa na wengi. Ushuru hulitafuta ili ukatwe. Hofu hulitafuta ili ijilinde. Mauti nayo hulitafuta. Mwaka 2008 mvua ziliijaza maji migodi ya Mirerani, makumi ya watu wakafa, na majina yakaanza kutafutwa ili yapelekwe kwa wazazi. Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangalata, mkoani Shinyanga, baada ya kufukiwa kwa siku 41. Nchi nzima iliyasikia majina yao kwenye redio, kisha ikayasahau. Kodi, hofu na kaburi, zote huuliza. Asiyeuliza ni mpenzi. Yule anayesema analipenda jiwe kuliko fedha, ndiye peke yake ambaye hajataka kujua. Hapo ndipo ninapoona upungufu, na ni upungufu wa mapenzi yenyewe kabla ya kuwa upungufu wa haki. Mtu hawezi kudai kwamba anakipenda kitu na historia yake yote, kisha akaichagua ile sehemu ya historia iliyovaa nguo safi.

Sisi watu wa pwani tusijitoe katika lawama hii tukaiacha ng'ambo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa na akasikia habari za dhahabu iliyoletwa Sofala kutoka bara. Kwa utajiri huo ilijengwa misikiti ambayo magofu yake bado tunayaonea fahari. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao, na wapenzi wa ushairi watafurahi kujua kwamba maandishi yake yalikuwa na vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu yanayoitikia kina cha jina hilo. Sarafu ndogo yenye kina cha shairi na jina la mfalme! Wachimbaji wa dhahabu iliyoleta utajiri ule hawana hata silabi. Na washairi wetu je? Tumejaza tungo zetu lulu, yakuti, zumaridi na johari, tukimfananisha mpendwa na kila kinachong'ara, lakini katika kisanduku chetu cha vito sijamkuta mzamiaji aliyepasuka masikio wala mchimbaji aliyekohoa vumbi. Tulilipokea neno johari likiwa limekwisha kuoshwa.

Hata hivyo Mpanda inafundisha kwamba kuhifadhi jina si jambo lililo juu ya uwezo wa watu. Mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unabeba jina la mwindaji. Wabende husimulia kwamba roho ya Katabi imo katika mkwaju kando ya ziwa, na wapo wanaopeleka sadaka mtini hapo kuomba baraka. Mtu aliyeishi kwa kutafuta porini, asiyeacha jengo wala maandishi, amekuwa ziwa, amekuwa mbuga, amekuwa mkoa. Na karibu na Mpanda kipo kijiji cha wachimbaji kiitwacho Dirifu. Katika maandishi ya wataalamu wa miamba, mahali hapo paliitwa kwa herufi D na neno la Kiingereza lenye maana ya mshipa wa madini, kama mtu anavyotia alama kwenye sanduku. Vinywa vya watu vikaichukua alama hiyo, vikaipa irabu zake na mwendo wake, ikawa jina ambalo mtoto anaweza kuzaliwa ndani yake. Hiyo ni tafsiri, na ni tafsiri bora, ingawa mfasiri wake hajulikani.

Nakiri kwamba dhahabu ni ngumu zaidi kuliko vito. Dhahabu ya Mpanda ikiingia katika chungu cha kuyeyushia huchanganyika na ya Geita na ya Chunya, na tangu hapo haina kwao. Pete haiwezi kubeba majina ya maelfu. Lakini jiwe la mkusanyaji halijayeyuka. Ni moja, lina umbo lake, na siku liliyotoka ilikuwa siku ya mtu fulani. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza madini mapya kutoka Mirerani, nyuzi za kijivu nyembamba kama unywele, zisizo na thamani yoyote kwa sonara, wakayaita merelaniiti kwa heshima ya wachimbaji wa mahali hapo. Heshima hiyo ilitolewa kwa jiwe lisilouzika pengine kwa sababu halikugombewa na mtu. Ni mwanzo mwema, ingawa ni heshima ya wote kwa pamoja, na mtu huchimba akiwa peke yake.

Ninachokiomba ni kidogo, na hakimpunguzii mtu faida yake. Juu ya kijikaratasi kile, chini ya jina la madini na la mgodi, uongezwe mstari mmoja: limetolewa na fulani. Asiyetaka kutajwa aandikiwe lakabu aliyoichagua. Ambaye hakujulikana, mstari wake uachwe mtupu, lakini uwepo, ili mtazamaji akifika hapo jicho lake likwame kidogo. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Walisahau kusema kwamba lazima kwanza mtu aulizwe, "Unaitwa nani?"